fetchmany peke yake haikuokoi

Juzi kijana mmoja kazini kwetu alinijia amechoka. Programu yake ya Python ya kutoa ripoti ya malipo ilikuwa inakufa kila usiku, na Linux haisemi zaidi ya neno moja: Killed (imeuawa, kumbukumbu imeisha). Jedwali lina rekodi kama milioni 6, seva inayoiendesha programu ina GB 2 za kumbukumbu. "Lakini kaka, mbona nimetumia fetchmany, elfu moja elfu moja?" Alimaanisha amri ya kuchota rekodi kwa mafungu badala ya zote kwa mkupuo.

Ni kweli alikuwa ameitumia. Tatizo ni kwamba alikuwa anachota kwenye pipa ambalo tayari lilikuwa limeshajazwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwa kawaida psycopg2, maktaba ya Python ya kuzungumza na hifadhidata ya PostgreSQL, ukiita execute (amri ya kutuma swali) inasubiri matokeo yote yafike upande wako kwanza. Rekodi zote milioni 6 zimo kwenye kumbukumbu kabla fetchmany haijaitwa hata mara moja. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza si unachota ngapi, ni pipa liko kwa nani.

Ili pipa libaki kwa seva ya hifadhidata, kasa (cursor, kishikio cha kupitia matokeo ya swali, siyo yule wa baharini) lazima ipewe jina:

cur = conn.cursor(name="malipo")

Hapo PostgreSQL inashikilia matokeo kwake na kukutumia fungu baada ya fungu. Ukiipitia kwa mzunguko wa for, kila safari inaleta rekodi 2,000. Kiwango hicho unakibadilisha kwa itersize. Angalia mtego mdogo: fetchmany isiyopewa namba inafuata arraysize, ambayo kwa kuanzia ni 1. Yaani safari nzima ya mtandao kwa rekodi moja, kama kujaza tangi kwa kijiko.

Wa Java nao wana lao. Dereva (maktaba ya kuunganisha) ya PostgreSQL inapuuza setFetchSize, yaani ukubwa wa fungu, kama autocommit (kila amri kujithibitisha yenyewe) haijazimwa, na haikuonyi. Ya MySQL, ukitaka ikutiririshie rekodi mojamoja, unaipa setFetchSize thamani ya Integer.MIN_VALUE, namba hasi ya chini kabisa. Aliyebuni hilo sijui alikuwa amekula nini.

Kijana akaweka jina, kumbukumbu ikatulia, furaha ikadumu dakika chache. Ndani ya mzunguko alikuwa anaweka alama "imeshashughulikiwa" kwenye kila fungu, kisha commit (kuthibitisha mabadiliko). Kasa ya namna hii inaishi ndani ya muamala (transaction) mmoja, yaani kundi la amri linalofungwa na commit. Ukifanya commit, imekwenda, na fungu linalofuata linakuletea kosa. Unaweza kufungua miunganisho miwili, mmoja wa kusoma na mwingine wa kuandika. Unaweza pia kuweka withhold=True ili kasa ibaki hai baada ya commit, ila ujue kwamba wakati wa commit seva italazimika kuyahifadhi pembeni matokeo ya kasa hiyo.

Binafsi, kazi ikiwa ya masaa siitaki kasa kabisa. Muamala uliofunguliwa muda wote huo unaizuia VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, kufagia rekodi zilizokufa, na jedwali linanenepa bure. Naona afadhali kuuliza upya kila mara:

SELECT * FROM malipo WHERE id > %s ORDER BY id LIMIT 5000

Id ya mwisho uliyoiona ndiyo inayoingia kwenye %s, na ndiyo unayoanzia safari ijayo. Umeme ukikatika saa nane usiku, unaendelea ulipoishia. Usishawishike na OFFSET: ukiiambia iruke rekodi milioni 5, inazipitia zote moja moja na kuzitupa, ndiyo maana mafungu ya mwanzo yanakimbia na ya mwisho yanatambaa.

Na kama ripoti lazima ipangwe kwa tarehe, usiandike tarehe > %s peke yake. Malipo mawili yakiingia sekunde ileile, moja likawa la mwisho kwenye fungu, la pili litarukwa kimyakimya, na utaligundua siku mhasibu akikupigia simu. Weka (tarehe, id) > (%s, %s), upange kwa zote mbili, na faharasa (index) iwe juu ya zote mbili kwa mpangilio huohuo.