Fedha ya Kijiji Iishie Getini

Kazi yangu ni kushauri vijiji kuhusu mipango na fedha, na wenyeviti wa huku Meru na kule Old Moshi huniuliza hivi: kijiji kikiwa na eneo la kidini linaloweza kuvuta wageni, mfuko wa kijiji unaruhusiwa kuligusa? Jibu langu: unaruhusiwa, lakini uishie getini.

Katiba, ibara ya 19(2), inaweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Halmashauri ya kijiji, hata ikikutana chini ya mparachichi, ni serikali. Niliwahi kuitwa kwenye kijiji kilichokwisha kununua mabati na rangi ya kanisa kwa fedha za umma, kwa nia njema kabisa. Kwenye mkutano mkuu mzee mmoja Mwislamu akauliza: na msikiti je? Kimya. Baadaye mkaguzi naye akaja na hoja yake.

Basi kijiji kifanye nini? Tazama Akeri, huku Meru. Oktoba 1896 wamisionari wawili Walutheri wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale. Kuwakumbuka kwa ibada ni kazi ya kanisa. Lakini kisa hakikuishia kwao. Wajerumani walikuja kulipiza kisasi chini ya Kapteni Johannes, wakaua Wameru na Waarusha, wakachoma nyumba, wakaswaga mifugo. Sehemu hiyo haina dhehebu. Ni ya koo zilizonusurika, na mimi naona ndiyo mali kubwa zaidi ya kijiji. Posho kidogo kwa wazee wanaoijua na vijana watakaoisimulia ni matumizi ninayoweza kuyatetea mbele ya mkaguzi yeyote. Msafara mzima wa wageni ukisikia habari za makaburi mawili tu, umesikia nusu.

Halafu barabara. Pasaka huangukia masika, na utelezi wa udongo wetu mwekundu hauheshimu mahujaji. Moramu na kalvati mbili vitaleta wageni kuliko sanamu yoyote, tena mkutano mkuu hauna sababu ya kuvikataa: mama anayepeleka ndizi sokoni anapita hapo hapo, na mgonjwa anayekimbizwa zahanati vilevile.

Ada ndiyo yenye mitego. Kule Materuni, karibu na Moshi, mgeni hulipa kiingilio cha maporomoko, na ni rahisi, maji hayana waumini. Mahali pa sala usitoze mlango. Toza maegesho na mwongozaji, kwa sheria ndogo iliyopita mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, kila shilingi na stakabadhi yake. Sadaka ni ya usharika au parokia. Isipite kabisa mikononi mwa mtendaji, hata kwa kuhifadhiwa usiku mmoja.

Haya yote yaandikwe kwenye makubaliano na kanisa. Kuna kifungu kimoja ambacho sikubali kirukwe: nani anashika ufunguo wa choo siku ambazo si za ibada. Nimeona choo kizuri cha matundu sita, kimejengwa kwa fedha ya kijiji, kina kufuli kubwa, na wageni wa Coaster nzima wanatawanyika migombani. Mtendaji alidhani ufunguo uko kwa mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa alidhani uko kwa mtendaji.