Masta haisomwi kwa pointi za kidato cha sita

Kila dirisha la udahili wa uzamili linapofunguliwa, swali ni lilelile: "Dokta, fomu siksi nilipata D mbili na E. Masta nitaiweza kweli?" Anayeuliza ana shahada yenye GPA ya 3.8 na yuko kazini, lakini bado cheti cha NECTA kinamnyima usingizi.

Tuelewane. Kwa kuingia shahada ya kwanza, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) inataka ufaulu wa masomo mawili yanayoendana na programu, jumla pointi zisizopungua 4. D ni pointi 2, kwa hiyo D mbili zinatosha. (Usichanganye na divisheni, kule pointi chache ndizo nzuri.) Kigezo hicho kinauliza kama unaweza kuanza mwaka wa kwanza, basi. Nani atamaliza tasnifu miaka kumi baadaye, hakikuwekwa kwa ajili hiyo. Tena katikati hapo kuna shahada nzima. Walioingia na D mbili wakashindwa, huku kwetu hawafiki; unaowakuta uzamili wameshachujwa, na mchujo huo unasema mengi kuliko cheti cha sekondari.

Kinachokwamisha watu nakiona kila mwaka. Masomo ya darasani wengi wanayavuka, shida inaanzia kwenye tasnifu. Mtu ananiletea dodoso la maswali 40 wakati swali la utafiti hana. Namuuliza, "Unataka kujua nini hasa?" Ananisomea kichwa cha mada. Kwenye mtihani wa kidato cha sita swali alilikuta mezani, akalijibu, muda ukaisha. Huku analitunga mwenyewe, kisha anakaa nalo mwaka mzima akiwa na kazi, watoto na pengine msimamizi asiyejibu barua pepe. Wapo, tusidanganyane.

"Nilipitia diploma, watanikataa." Hapana. Uzamili unaangalia GPA ya shahada, kwa kawaida kuanzia 2.7 katika mfumo wa 5. Cha kuhangaikia ni majina yako: yasipofanana cheti hadi cheti, utakimbizana na viapo.

"Nina first class, nitateleza tu." GPA ya 4.4 inaonyesha ulifaulu mitihani. Wapo wa daraja hilo wanaofuta na kuandika upya sura ya kwanza mpaka wenzao wanavaa joho, maana hawavumilii rasimu mbaya.

Halafu kuna hili linalonitoa povu: "Nirudie kwanza fomu siksi nisafishe cheti." Wewe una shahada! Mwaka huo utumie hivi: kila wiki soma makala moja ya fani yako, uiandikie nusu ukurasa kwa maneno yako. Mwandishi aliuliza nini, jibu alilipataje, na wapi hukubaliani naye. Baada ya miezi sita utakuwa na makala zaidi ya 20 mkononi, na hapo ukija ofisini kwangu tutaanza na hizo ambazo hukukubaliana nazo.