Skeli si ukubwa wa modeli

"Hii yangu ni skeli kubwa, moja kwa elfu moja." Kauli hii haikosekani wanapokutana watu wanaounga modeli za vyombo vya anga za juu, na mara nyingi anayeitoa amekishika chombo chenyewe kwa mkono mmoja. Mwingine hujisifu kwamba modeli yake "ina skeli nzuri sana", kumbe anachosifia ni wingi wa vibomba na vijisanduku vilivyobandikwa mgongoni mwa chombo. Wa tatu, ukimuuliza skeli, hujibu: sentimita themanini.

Skeli ni uwiano. Basi. Ni kusema kipimo kimoja kwenye modeli kinasimama badala ya vingapi kwenye kitu chenyewe. Kwa 1:350, milimita moja ya plastiki inawakilisha milimita 350 za chombo. Aliyesoma jiografia ya sekondari alishakutana na jambo hili kwenye ramani ya 1:50,000, akafundishwa kwamba namba ya kulia ikizidi kukua, skeli inazidi kuwa ndogo. Somo hilo huyeyuka lote boksi la modeli likishafunguliwa.

Chukua Enterprise, chombo cha anga cha Star Trek, ile tamthilia ya televisheni ya miaka ya 1960. Urefu wake unatajwa kuwa futi 947, karibu mita 289. Kwa 1:1000 unapata modeli ya sentimita 29. Kwa 1:350 unapata sentimita 82 na ushee, na hapo ndipo wa nyumbani wanaanza kuuliza kitu hiki kitakaa wapi. Hiyo ya pili ndiyo yenye skeli kubwa. Tena tofauti haiishii kwenye urefu: urefu umezidi karibu mara tatu, lakini eneo la kupaka rangi limezidi mara nane. Anayenunua rangi kwa kukisia urefu ataishiwa kabla hajafika kwenye injini.

Sasa weka pembeni yake chombo cha kivita cha rubani mmoja, kama X-wing ya filamu za Star Wars, ambacho urefu wake ni mita 12.5. Kwa 1:72 kinatoka modeli ya sentimita 17 hivi. Ni ndogo kuliko ile Enterprise ya 1:1000, na skeli yake ni kubwa mno kuliko ya Enterprise hiyo. Ndiyo maana kusema "skeli kubwa" ukimaanisha "modeli kubwa" kunaleta vurugu. Ni mambo mawili, na wakati mwingine yanakwenda kinyume.

Hizo namba nazo hazikuokotwa. 1:72 ilianza kuzoeleka Uingereza mwaka 1932, ziliposhuka sokoni seti za ndege za mbao zilizoitwa Skybirds. Mwaka 1936 kampuni ya Frog ikaleta seti za plastiki kwa jina la Penguin, kwa skeli hiyohiyo. Mwaka 1942 jeshi la wanamaji la Marekani likaomba wanafunzi wa shule watengeneze modeli nusu milioni za ndege, zote za 1:72, ili askari wazizoee na wasiichanganye ndege ya adui na ya kwao. Siri ya 72 ni kwamba futi sita ni inchi 72, kwa hiyo mtu wa futi sita anakuwa na kimo cha inchi moja. 1:48 ni robo inchi kwa kila futi. 1:144 ni nusu ya 1:72. Hivi ndivyo chombo cha galaksi ya mbali, ambako hakuna aliyewahi kuiona rula ya Mwingereza, kinavyopimwa kwa futi na inchi.

Tatizo kubwa zaidi ni hili. Ndege ya kweli unaweza kuiendea na utepe ukaipima. Enterprise haijaegeshwa popote. Kilichopo ni modeli iliyopigiwa picha, yenye urefu wa karibu mita 3.4, ambayo tangu mwaka 1974 iko mikononi mwa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, katika makumbusho yake ya anga mjini Washington. Kwa hiyo "1:350" iliyoandikwa kwenye boksi ni dai lenye sharti: ukikubali kwamba chombo kina mita 289. Ukiamini urefu mwingine, plastiki ileile itakuwa na skeli nyingine bila wewe kuigusa.

Kuna vyombo ambavyo hata waliovibuni waliviacha na vipimo viwili. Galileo, kile chombo kidogo cha kubebea abiria cha Enterprise, kilitengenezwa cha kuingilika, na mwaka 2013 kiliwekwa kwenye maonyesho ya Space Center Houston, Marekani. Umbo hilo la nje ni fupi kwa kimo, lakini ndani, kwenye seti ya kurekodia, waigizaji wanasimama wima bila kuinamisha kichwa. Seti ya ndani ilijengwa juu kuliko umbo la nje lingeweza kumeza. Mtu akikwambia modeli yake ya Galileo ni 1:32, una haki ya kumuuliza kwa upole: ya nje au ya ndani?

Hapo hapo niitaje na "skeli ya studio", maana nayo inapigwa chenga kila siku. Haina maana ya modeli kubwa na ghali. Ni modeli yenye ukubwa uleule wa ile iliyotumika kupigia picha. Unanakili modeli, hunakili chombo. Enterprise ya skeli ya studio itakuwa na mita 3.4, X-wing ya skeli ya studio yapata nusu mita. Hakuna namba moja inayoitwa hivyo. Na kamera yenyewe haikujali: katika kipindi kimoja cha Star Trek cha mwaka 1967, Constellation, chombo cha aina ileile ya Enterprise kilichoharibika, kilikuwa modeli ya dukani ya kampuni ya AMT, ya sentimita 46 hivi, iliyounguzwa na kubomolewa. Namba yake ubavuni, NCC-1017, ilipatikana kwa kupanga upya tarakimu za stika za 1701, namba ya Enterprise. Kitu cha sentimita 46 na kitu cha mita 3.4 vikacheza kama pacha.

Kwa nini basi kuhangaika? Kwa sababu skeli ndiyo inayoamua taa na rangi. Watu hutaka modeli yao iwake, wanatafuta taa ya LED ya milimita tatu na kuichomeka tundu la dirisha. Kwa 1:350 hiyo ni balbu yenye upana wa zaidi ya mita moja. Ndiyo maana wazoefu huziweka taa mbali, katikati ya chombo, wakaacha nuru ijae ndani na kutokea madirishani yenyewe. Kabla ya hapo hupaka kuta za ndani rangi nyeusi kwanza, kisha nyeupe juu yake. Nyeusi inazuia nuru isipenye plastiki, nyeupe inairudisha. Asiyefanya hivyo, chombo chake kizima kitawaka kama taa ya karatasi. Kwa zile taa ndogo za pembeni hutumika nyuzi za faiba, zile nyembamba zinazopitisha nuru, na hapo pia hesabu ni ileile. Uzi wa milimita 0.25, mwembamba kiasi kwamba ukianguka chini hutauona, kwa 1:1000 ni taa ya sentimita 25, pana kuliko mpira wa miguu.

Rangi ni hivyohivyo. Tabaka la milimita 0.05 linaonekana si kitu, lakini kwa 1:1000 ni lipu ya sentimita tano juu ya chuma. Mstari wa maungio ya bamba uliochimbwa kwa milimita 0.2 ni mtaro wa sentimita 20, ambao mhudumu wa chombo angetegukia mguu. Juu ya sahani, ile sehemu ya mviringo ya mbele, ya ile Enterprise ya Smithsonian mistari ya maungio haikuchimbwa kabisa: ilichorwa kwa penseli. Halafu mtu anakuja na modeli yenye mitaro kila upande, ametia wino mweusi ndani yake, anasema imezingatia skeli. Amezingatia mapambo. Yanaweza kupendeza sana, lakini si jambo lile.

Kuna na wale wanaofifisha rangi "kwa ajili ya skeli", desturi waliyoitoa kwenye modeli za ndege. Ndege ukiiona kwa mbali, hewa iliyo kati yenu huififisha kweli. Anga za juu hakuna hewa. Fifisha ukipenda, ila tafuta sababu nyingine.

Modeli isiyo na skeli haina aibu yoyote. Mafundi wa Lamu huchonga majahazi madogo kwa jicho, na ukiyapimia kamba zake utakuta ni nene kuliko ambavyo baharia yeyote angeweza kuvuta. Hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna aliyeandika 1:50 ubavuni. Hata baadhi ya maboksi ya vyombo vya anga husema wazi kwamba kilichomo hakina skeli, na huo ni uungwana.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye skeli kubwa ya moja kwa elfu, kazi yako ni safi, rangi imekaa na taa hazivuji popote. Sema tu ni modeli ya sentimita 29. Ukitaka kutaja na skeli, taja pia urefu wa chombo uliougawanya, kwa sababu wa meza ya pili huenda amegawanya mwingine.