"Yaani" si ugonjwa

Alhamisi jioni mvua ilinyesha, Waiyaki Way ikaganda, lakini watu kumi na wanne walifika kwenye mazoezi yetu ya kuhutubia. Dada mmoja alitoa hotuba yake ya kwanza, ile ya dakika 4 hadi 6, kuhusu mama yake aliyeuza mitumba Gikomba. Alipofika pale mama anapofungua robota na kulinusa shati kabla ya kulikunjua, ukumbi ulitulia kabisa. Mtunza muda mwenyewe alizama kwenye hadithi, kadi ya kijani, ile ya kumwonyesha msemaji kuwa dakika nne zimetimia, akaiinua imeshachelewa.

Baadaye dada alinifuata penye chai. Kuhusu mama hakuuliza kitu.

"Mwalimu, nimepata kumi na saba. Nimeharibu, sivyo?"

Kumi na saba ni "yaani" na "aa" alizohesabiwa. Hii dhana kwamba hesabu ile ndiyo alama za hotuba imenichosha, na safari hii nimeona niandike. Utaratibu wa mhesabu "aa", mtu anayehesabu maneno ya kujazia ya msemaji, tumeurithi kutoka Toastmasters, chama cha watu wanaojifunza kuhutubia kilichoanzia Santa Ana, California, mwaka 1924. Kazi ya mhesabu ni kutoa taarifa. Hagawi maksi.

Tena orodha yake ilitungwa kwa ajili ya Kiingereza. Sisi tukaipokea, tukaongeza "yaani", "sasa" na "unajua", tukaanza kupiga vijistari karatasini. Hebu sikiliza alivyosema yule dada: "Mama aliondoka saa kumi alfajiri, yaani sisi tulimjua kwa harufu ya kanga aliyoiacha kitandani." Iondoe hiyo "yaani" uone. Sentensi inakatika vipande viwili, na kile cha pili hakina tena sababu ya kuwepo. Neno hilo linamwambia msikilizaji: ngoja, nakufungulia maana ya nilichosema. Ni kiunganishi chenye kazi yake, na babu zetu walikitumia kabla hatujaona ukumbi wenye kipaza sauti.

Ipo "yaani" nyingine, na hiyo naikemea: "Nilitaka, yaani, eeh, yaani kusema kwamba..." Hapo mtu hajui aendako. Lakini kosa haliko kwenye neno. Hakuamua sentensi yake inaishia wapi kabla ya kuianza. Ukimkataza "yaani" atakuletea "kwa hivyo" mfululizo. Mpe kazi ya kupanga sentensi tatu za mwanzo na mbili za mwisho, kisha umsikilize tena. Kwangu dawa hii imefaa kuliko kengele yoyote ya kumpigia mtu kila asemapo "yaani".

Hata "aa" tupu ina lake la kusema. Mwaka 2002 Herbert Clark na Jean Fox Tree walichapisha makala wakidai kwamba wasemaji wa Kiingereza hutumia "uh" kutangaza kusita kufupi na "um" kusita kurefu zaidi. Si wataalamu wote wanaowakubali. Mimi naona jambo hilo kila wiki: msemaji akitoa "aa" moja kabla ya jina gumu, wasikilizaji huinua macho kulisubiri.

Kuhusu kunyamaza badala ya "aa", mmeshaambiwa mara nyingi, sirudii. Ila nina shaka ambayo sijaitatua. Tunafundisha kimya cha sekunde mbili kana kwamba hadhira zote ni moja. Mtu aliyekua akiitikia "Pakawa!" kila aliposikia "Paukwa!" hawezi kuachwa kwenye kimya akakaa tu, atakijaza mwenyewe kwa "eeh" au "kabisa". Nimeona vijana wakinyamaza kama walivyofundishwa, ukumbi ukawaitikia, nao wakapotea kwa sababu hawakutarajia sauti. Je, niwafundishe kunyamaza au kupokea mwitikio? Kwa sasa nafundisha vyote viwili, na sina uhakika navipatanisha vizuri.

Jingine linaniuma zaidi. Nimewahi kumshusha mtu kutoka "yaani" na "aa" ishirini hadi mbili kwa miezi mitatu. Hotuba ikawa safi, na ikakauka. Alikuwa anajisikiliza mwenyewe, macho kwenye kalamu ya mhesabu, sisi katusahau.

Dada nilimwambia aiweke kando ile karatasi ya vijistari. Alhamisi ijayo anarudia hotuba ile ile, na nimemwomba aanzie kwenye shati.