Je, wajua kwa nini chini ya mchanga wa Shela kuna maji matamu?

Vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, wengi huvijua kwa vita vya mnamo 1812 hivi, watu wa Lamu walipowashinda wale wa kisiwa cha Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa. Ukipanda juu unakiona kisiwa cha Manda ng'ambo ya mlango wa bahari, na ufuo ulionyooka kuelekea Kipungani. Bahari iko hapo hapo, lakini mji wa Lamu huteka maji yake ya kunywa chini ya vilima hivi.

Miaka mingi nilijua jibu: ni maji ya bahari, yamechujwa na mchanga. Nilibishana na watu, nikawashinda, na hilo ndilo linalonitia haya zaidi. Chukua kifumbu ukamue tui: machicha hubaki, tui hupita. Sasa litie tui chumvi, ulichuje tena. Onja. Chumvi yote imepita, kwa sababu imeshayeyuka. Haina tena chembe ya kunaswa. Mchanga nao ni kifumbu tu, hata ukirundikwa ukawa mlima.

Maji yale ni mvua. Mchanga mtupu huimeza upesi, kabla jua halijaikausha, na miti ya kuinywa ni michache. Huko chini huyakuta maji ya bahari yaliyopenya pembeni, na hukaa juu yake, kwa kuwa ni mepesi: lita 1,000 za mvua ni kilo 1,000, za bahari ni kama 1,025.

Fikiria dau lililopakia boriti hadi karibu na ukingo; sehemu kubwa imezama. Maji matamu ni dau la namna hiyo, tena lililopakia kupita kiasi: kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 zilizozama chini. Hesabu hiyo huitwa kwa majina ya Ghyben, Mholanzi, na Herzberg, Mjerumani.

Ila 40 ni ya maji yaliyotulia na mchanga wa namna moja. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hutikisa mpaka wa maji matamu na ya bahari, na katikati yao huwa na maji ya chumvichumvi.

Tena dau hili ukilipunguzia mzigo huinuka. Pampu ikishusha maji matamu mita 1, chumvi huanza kupanda kutoka chini, polepole, hadi mita 40. Kwa hiyo kisima cha huku kikipungua, kukichimba zaidi ni kukisogeza karibu na bahari.