Bei ya gari haizuii maji
Mwaloni Kibirizi, Kigoma, husikii mara moja tu: "Kamera hiyo ya Leica, bei ya gari, mvua itaifanya nini?" Itaifanya mengi. Ugumu wa bodi ni kitu kimoja, kuzuia maji ni kingine. Leica M10 ya 2017 ina bodi ya magnesiamu na kifuniko cha shaba, lakini haina daraja la IP, yaani kipimo cha kuzuia vumbi na maji. Q2 ya 2019, ya kampuni hiyohiyo, inalo: IP52. Hiyo 5 ni ya vumbi. 2 ni matone yanayodondoka, si wimbi la Tanganyika linalorukia mtumbwi. Lenzi za kamera za M, kama hiyo M10, nazo hazina gasketi (mpira wa kuziba maji) zinapofungwa kwenye bodi, chuma kwa chuma. Mimi ziwa likichafuka, yangu huingia kwenye ndoo ya dagaa yenye mfuniko (imeoshwa, jamani).