Kootu si sambar iliyotiwa nazi

Vinapotajwa vyakula vya Tamil Nadu, kusini mwa India, hakosi mtu wa kusema kwamba kootu ni sambar, yaani mchuzi wa mbaazi na ukwaju, iliyotiwa nazi. Kauli hiyo imerudiwa mno hata wengi wameishika kuwa ndiyo maana yenyewe, nayo si sahihi.

Kootu ni mboga zilizopikwa pamoja na choroko zilizokobolewa na kupasuliwa (Wakenya huziita ndengu) au kunde nyingine za namna hiyo, kisha zikaungwa kwa nazi iliyosagwa na bizari nyembamba na pilipili. Jina lake kwa Kitamil hubeba maana ya kuchanganya.

Anayetofautisha vyakula hivi kwa nazi peke yake hukwama mapema, kwa sababu ipo sambar iitwayo arachuvitta, ambayo viungo vyake hukaangwa na kusagwa pamoja na nazi, nayo hubaki kuwa sambar. Anayeshikilia ukwaju naye hukwama, kwani ingawa kootu nyingi hazina ukwaju, ipo puli kootu, ambayo jina lake lenyewe linatangaza uchachu. Tofauti iko katika uzito, na katika kazi ya kila kitu chunguni. Sambar ni mchuzi: mbaazi zilizokobolewa huchemshwa hadi zikavurugika, zikatiwa maji ya ukwaju na unga wa viungo, na mchuzi huo ukamiminwa juu ya wali. Katika kootu mboga ndiyo chakula chenyewe, iwe boga, kabichi, mchicha au pudalangai, tunda refu la jamii ya maboga lenye umbo la nyoka. Choroko na nazi zipo ili kuishikanisha, hata ukiteka kwa upawa haichuruziki. Kwenye jani la mgomba linalotumika kama sahani, kootu huwekwa mahali pake, kando ya wali, na wengi hupenda kuila pamoja na vatha kuzhambu, mchuzi mkali wa ukwaju, kwa kuwa upole wa nazi huutuliza ukali huo.

Kwetu pwani, tuliozoea kukuna nazi na kukamua tui, huzuka kosa la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. Mpishi huchemsha choroko na mboga, akatia tui zito, akaamini amepika kootu. Katika kootu hakuna chicha la kutupwa. Nazi yote husagwa ikawa laini kabisa, ikatiwa mboga zikiwa zimekwisha kuiva, ikachemka kidogo tu. Na ni nyama hiyo ya nazi, pamoja na choroko zilizolainika, inayoupa mchanganyiko uzito wake. Katika poricha kootu, choroko nyeusi na pilipili hukaangwa kwanza ndipo zisagwe na nazi, na harufu yake hubadilika kabisa. Mwishoni hutiwa mafuta ya moto yaliyokaangiwa haradali hadi zikapasuka, pamoja na majani ya mchuzi.

Basi aliyepika choroko kwa tui amepika chakula kizuri, nacho kina jina lake: choroko za nazi. Na anayesema “sambar ya nazi” akiwa na maana ya mboga nzito zilizoungwa kwa nazi ya kusaga, aseme kootu tu.